Ametoka Isanga: Je, Nyumbani Kuko Tayari?

Mwezi huu tunaomba tuzungumze jambo ambalo katika vikundi vyetu huwa tunalinong'ona tu, tena baada ya kuangalia nani yuko karibu.

Mwaka jana, siku ya Jumanne ambayo kikundi chetu cha wanawake hukutana kwa maombi na kupanga zamu za kutembelea wagonjwa, mama mmoja wa usharika alikuja na barua mkononi. Alitupa tumsomee kwa sababu, alisema, macho yake hayaoni vizuri. Macho yake yanaona vizuri kabisa. Tumekwisha kumwona akitia uzi kwenye tundu la sindano jioni. Barua ilitoka kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, na ilikuwa na maswali mawili. Je, familia iko tayari kumpokea kijana wao? Na je, hali ya nyumbani ikoje?

Mama yule (jina lake tumelihifadhi, na mambo machache tumeyabadili ili asitambulike) alikaa kimya mpaka barua ikakunjwa. Kisha akasema, "Nitawajibu nini, ndugu zangu? Mapipa yako uani."

Mapipa aliyoyataja ni ya pombe. Kwa zaidi ya miaka 20 mama huyu amepika pombe ya mtama na kuiuza kila mwisho wa juma. Pombe hiyo ndiyo iliyowasomesha watoto wake 5 baada ya baba yao kufariki. Usharika ulijua, na sadaka yake ulipokea. Na mtoto wake wa tatu ndiye aliyekuwa Isanga.

Isanga ni mahali gani?

Wasomaji wa Dodoma wanapafahamu, lakini wa mbali huenda hawapajui. Hospitali ya Mirembe ilianza mwaka 1927, na leo ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili. Jina lake tumeligeuza tusi. Mtu akivaa nguo kinyume tunamwuliza kama ametoka Mirembe, na watoto wetu wanatusikia. Isanga ni sehemu ya hospitali hiyo inayopokea watu waliofanya, au wanaotuhumiwa kufanya, makosa ya jinai wakiwa wagonjwa wa akili. Ni mahali penye ulinzi, lakini pia pana madaktari, wauguzi na kabati la dawa.

Mtu hafiki pale kwa kupelekwa na ndugu waliomchoka. Hupelekwa na mahakama. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inaipa mahakama uwezo, ikiona kwamba huenda mshtakiwa alikuwa mgonjwa wa akili alipotenda kosa, kuagiza apelekwe hospitali akapimwe, na daktari anatakiwa kupeleka taarifa yake ndani ya siku 42. Mahakama ikiridhika kwamba ni kweli alitenda, lakini ugonjwa ulikuwa umemwondolea uwezo wa kuelewa anachofanya, hahukumiwi kama mhalifu wa kawaida. Wala hafunguliwi mlango aende zake. Huwekwa chini ya ulinzi atibiwe, na siku ya kutoka haiamuliwi na daktari peke yake.

Hapa akina mama hutuuliza swali moja, nasi tunalijibu kila mara kwa sababu ni la haki: "Kwa hiyo mume wangu akilewa akanikata panga, atapelekwa hospitali badala ya gereza?" Hapana. Kanuni ya Adhabu inasema wazi kwamba ulevi si kinga. Inatoa nafasi kwa mtu ambaye hakuelewa anachofanya kwa sababu alileweshwa na mwingine bila ridhaa yake, au kwa sababu ulevi ulimfikisha kwenye wazimu hasa. Kulewa kwa hiari yako siku ya mshahara na kurudi nyumbani kupiga watu si wazimu. Ni kosa, na polisi wapo.

Lakini katika maisha ya watu wengi mambo haya mawili, ulevi na wazimu, hayaji kila moja kwa siku yake. Yanakuja yameshikana mikono. Kijana wa mama yetu ni mfano.

Kikombe cha asubuhi

Alianza kuonja pombe akiwa mdogo sana, kama watoto wengi wa nyumba zinazopika. Mtoto anatumwa kumpelekea mteja kata moja, njiani anafyonza kidogo, na hakuna anayemkemea kwa maana ni pombe ya nyumbani. Alipofika darasa la 6 alikuwa anavuta bangi na wenzake korongoni. Alipomaliza shule alikwenda mjini kubeba mizigo sokoni. Huko akaongeza gongo, na ile pombe kali ya viroba ambayo serikali ilikuja kuipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Kwake yeye marufuku ilichelewa.

Alirudi kijijini amebadilika. Usiku halali. Anajibizana na watu wasioonekana. Anasema redio ya jirani inamtangaza kwa jina. Akikosa pombe anatetemeka na kutokwa jasho. Akipata kidogo anatulia. Kwa hiyo mama yake alikuwa akimpa kikombe kila asubuhi ili nyumba ipate amani. Tusimlaumu haraka. Nani kati yetu hajawahi kununua amani ya siku moja kwa bei mbaya?

Alfajiri moja ya mwaka 2012 alimpiga mjomba wake kwa mchi, akiamini kwamba mjomba ametia sumu kwenye kisima. Mjomba alifariki siku ileile. Alikuwa kaka wa mama yule, wa tumbo moja, na ndiye aliyemsimamia tangu afiwe na mume wake. Aliacha mjane na watoto. Mjane huyo, wifi yake mama, anaimba katika kwaya ya usharika wetu mpaka leo.

Siku ya tatu akiwa mahabusu kijana alianza kutetemeka mwili mzima, akawa anapangusa mikono akisema anatambaliwa na siafu. Wenzake walidhani amepandwa na mapepo. Sisi tulio wauguzi tunaijua hali hiyo, na tunaomba kila mama aijue. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, akikatiwa pombe ghafla, mwili wake hushtuka. Hutetemeka, hutoka jasho, hukosa usingizi, na mara nyingi kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwapo, hata kuanguka kifafa. Hali hii inaweza kuua. Hutibiwa hospitalini kwa dawa kama diazepamu, kwa vitamini B1 na kwa maji. Basi usimfungie mnywaji sugu chumbani siku 3 ili aache pombe, wala usimpeleke kwenye mfungo wa kukesha kabla hajaonwa na mganga. Tumewahi kuitwa usiku kwenye nyumba ya namna hiyo, tukachelewa.

Tufani ile ya pombe ilipokwisha, siafu wakaondoka. Sauti zikabaki. Hivyo ndivyo madaktari wanavyotenganisha: wanangoja kilevi kitoke mwilini, kisha wanaangalia kilichobaki. Jambo hilo halifanyiki kwa asubuhi moja. Kwa kijana huyu kilichobaki kilikuwa ugonjwa wenyewe wa akili, ule unaoitwa skizofrenia, ambao ulikuwa umejificha nyuma ya ulevi kwa miaka, na ulevi ukawa unauchochea kama mtu anayepuliza makaa.

Wote wenye wazimu ni wa hatari?

Tukisikia habari kama hii tunasema, "Wagonjwa wa akili ni watu wa kuogopwa." Si kweli, na ni vizuri tuone hesabu. Watafiti wa Uswidi, ambako kumbukumbu za hospitali na za mahakama hutunzwa vizuri, walichapisha mwaka 2009 habari za wagonjwa 8,003 wa skizofrenia, wakiwalinganisha na watu wengine zaidi ya 80,000. Kati ya wagonjwa, 13 katika kila 100 walikuwa wamewahi kutiwa hatiani kwa kosa la ukatili. Kati ya watu wengine, 5 katika kila 100. Mpaka hapo mtu atasema, mnaona? Lakini watafiti wakawagawa wagonjwa mafungu mawili. Waliokuwa pia na tatizo la pombe au madawa ya kulevya walikuwa karibu 28 katika kila 100. Wasiokuwa nalo hawakufika 9, na watafiti walipozingatia mambo mengine ya maisha yao, tofauti kati ya hao na watu wengine ilibaki ndogo.

Uswidi si Dodoma, tunajua. Wao hawana kilabu cha pombe kando ya njia ya kwenda zahanati. Hata hivyo funzo lake tumeliona kwa macho yetu wodini: mgonjwa yule yule, akiwa na dawa yake na bila kilevi, ni mtu wa kukusaidia kuchota maji, akiacha dawa na kushika kikombe, nyumba nzima inalala macho.

Na bangi je? Vijana wetu wanasema ni majani tu ya Mungu. Huko huko Uswidi walifuatilia vijana wa kiume zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini, kwa muda wa miaka 15, na matokeo yakatolewa mwaka 1987. Waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 kabla ya kuandikishwa walipata skizofrenia mara 6 zaidi ya wasiovuta kabisa. Si kila avutaye huugua, wengi hawaugui. Lakini hakuna mama anayeweza kumtazama mwanawe wa miaka 14 akajua yeye ni wa fungu lipi.

Kuta zilimzuia

Isanga walimtibu. Alipata dawa za vidonge, baadaye akawekwa kwenye sindano ya kila mwezi, ambayo ina faida kwamba mgonjwa hawezi kuificha chini ya ulimi. Baada ya miezi kadhaa sauti zilinyamaza. Akaanza kufagia, kuoga bila kuambiwa, kuuliza habari za nyumbani. Kisha siku moja akauliza habari za mjomba.

Watu hudhani siku akili inaporudi ni siku ya furaha. Kwa mtu aliyeua akiwa mgonjwa, ndiyo siku nzito kuliko zote. Sasa anaelewa. Wauguzi wa wodi za namna hii humkalia karibu usiku na mchana wakati huo, kwa kuhofia asije akajidhuru. Mama yake anakumbuka alipokwenda kumwona wakati ule, kijana alimwuliza jambo moja tu: "Mama, watoto wa mjomba wanasoma?"

Miaka ikapita bila pombe wala bangi. Sote, na sisi wauguzi tukiwamo, tukasema ulevi umekwisha. Hapa ndipo penye kiini cha makala hii. Ulevi haukuwa umekwisha. Ulikuwa haujajaribiwa. Mtu hawezi kusema ameshinda hamu ya nyama kwa kuishi mahali pasipo na bucha. Kuta zilimzuia asifikie kikombe, na hilo ni jema kwa wakati wake, lakini hamu ya kilevi ina matibabu yake, nayo ni mbali na sindano ya kila mwezi. Ni kazi ya mazungumzo ya muda mrefu: kumsaidia mtu ajue ni saa ngapi hamu inamjia, akiwa na nani, akipita njia gani, akiwa na hasira au akiwa na fedha mfukoni, kisha kupanga naye mapema atafanya nini saa hiyo. Mahali ambapo muuguzi mmoja anatazama wodi nzima, mazungumzo ndiyo huwa ya kwanza kuachwa. Vidonge hugawiwa kwa nusu saa, lakini moyo wa mtu hausomwi kwa nusu saa.

Tena hata ndani ya kuta hamu haifi. Sigara huwa fedha wodini. Hata vidonge vile vya kuzuia mtetemeko unaoletwa na dawa za akili, wako wanaovitafuta ili walewe navyo. Muuguzi mwenye uzoefu humwambia mgonjwa afungue mdomo.

Kwa wale walionaswa na unga, yaani heroini, kuna dawa iitwayo methadoni, ambayo mgonjwa hunywa kila siku mbele ya mhudumu. Kwa upande wa Bara ilianza kutolewa Muhimbili mwezi Februari 2011, na baadaye ikafika hospitali nyingine pamoja na hapa Dodoma. Methadoni haitibu bangi wala pombe. Tunasema hivi kwa sababu tumeulizwa. Na mama mwenye kijana aliyekuwa teja ajue hatari hii: aliyekaa miezi bila unga, mwili wake umesahau. Akitoka gerezani au hospitalini akarudia kipimo kile cha zamani, kinaweza kumwua siku hiyohiyo. Wiki 2 za kwanza baada ya kutoka ndizo za kuangalia zaidi.

Kosa letu

Mwaka 2019 kijana wa mama yetu aliruhusiwa kurudi nyumbani. Tunalazimika kuungama tulichofanya.

Tulifanya ibada ya shukrani. Tulipika, tuliimba, tukamsimamisha mbele ya watu. Mmoja wetu, kwa furaha na bila ubaya wowote, akatangaza kwamba amefunguliwa kabisa na hahitaji tena vitu vya hospitali. Tulikuwapo sisi wauguzi. Hatukusimama kusahihisha, tuliona haya kuharibu sherehe. Mjane wa mjomba naye alikuwapo, kwenye viti vya kwaya, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwuliza kama yuko tayari kumwona kijana yule amesimama pale. Aliimba mpaka mwisho, akaondoka kabla ya chakula.

Mwezi uliofuata kijana hakwenda sindano. Uliofuata, vivyo hivyo. Mapipa yalikuwa uani, na wateja wa mama walikuwa wakarimu. Walisema, mpeni huyu ndugu yetu kidogo, ameteseka. Mwezi wa tatu akaanza kukaa macho usiku. Mama alimsikia akisogeza kitanda kuziba mlango. Akamwuliza kwa nini hanywi maji ya mtungi, akajibu kwamba mama anajua kwa nini.

Mama yule alikwisha kuyasikia maneno ya maji mara moja katika maisha yake. Hakungoja kuche. Aliamsha mwanawe mkubwa na jirani mmoja, wakampeleka kijana Mirembe kwa gari la mizigo ya alizeti. Alipokelewa, na hakuna aliyeumizwa. Watu wa usharika walisema yule mama amemtupa mtoto wake tena. Sisi tunasema aliokoa maisha usiku ule, labda ya mwanawe, labda ya mtu mwingine.

Katika Injili ya Marko, sura ya 5, tunasoma habari za mtu aliyekaa makaburini, aliyevunja minyororo na kujikatakata kwa mawe. Tunapenda kuhubiri juu ya nguruwe walioingia baharini. Lakini mwisho wa habari ile yule mtu aliomba afuatane na Bwana, naye Bwana hakumkubalia. Alimtuma aende nyumbani kwa watu wake. Nyumbani kwa watu wake walikuwako akina nani? Mama? Mke aliyewahi kupigwa? Mwandishi hasemi walimpokeaje. Sisi tungependa kujua, maana kazi ile ndiyo tuliyopewa.

Majibu ya barua

Basi Jumanne ile barua ya pili ilipokuja, hatukuimba. Tuliketi na mama yule kwa muda wa majuma matatu kabla ya kujibu.

Jambo la kwanza lilikuwa mapipa. Ni rahisi kumwambia mjane aache kupika pombe ikiwa ada za watoto wako zinalipwa na mshahara. Alituambia hivyo hivyo, kwa sauti ya chini, nasi hatukuwa na jibu la haraka. Mwishowe alikopa kidogo katika mfuko wetu wa kuweka na kukopa, akaanza kununua mafuta ya alizeti kwa madumu na kuyauza rejareja kwa chupa. Mapato yake si kama ya pombe, tusidanganyane. Mjukuu mmoja amehamishwa kutoka shule ya bweni akarudishwa shule ya kata. Mapipa mawili ameyauza. La tatu anawekea maji.

Jambo la pili lilikuwa njia. Kutoka nyumbani kwake kwenda zahanati kuna kilabu cha pombe, na kila mtu pale anamfahamu kijana kwa jina. Kaka yake mkubwa amekubali kumsindikiza siku ya sindano kwa njia ya nyuma, ya mashambani, ingawa ni ndefu. Ni jambo dogo ukilisikia, lakini mazungumzo tuliyosema hapo juu ndiyo haya haya, yamegeuzwa kuwa miguu na njia. Wauguzi wa hospitali safari hii walikaa na kijana wakaandika naye dalili zake mwenyewe za hatari: kukosa usingizi siku 2 mfululizo, kushuku maji au chakula, kuudhika na redio, kutaka kukaa peke yake, kusema dawa inamchosha na hana haja nayo tena. Karatasi iko kwa mama, nakala iko kwa kaka, na nyingine kwa muuguzi wa zahanati. Mgonjwa mwenyewe anaijua. Dalili 2 zikitokea pamoja, hakuna mkutano wa ukoo, anapelekwa hospitali.

Dawa inamchosha kweli. Inamtia usingizi mchana, imemnenepesha, na mikono hutetemeka. Tumemfundisha mama asimwite mvivu, na amwambie muuguzi, kwa sababu dawa yaweza kupunguzwa au kubadilishwa na daktari. Wagonjwa wengi huacha dawa kwa sababu ya madhara hayo na masimango ya nyumbani, wala si kwa ukaidi.

Jambo la tatu lilikuwa wifi.

Mama alikwenda mwenyewe. Tulijitolea kumsindikiza akakataa. Alikaa uani kwa wifi yake tangu saa 3 asubuhi mpaka mchana, na sehemu kubwa ya muda huo, anasema, walichambua mchicha bila kusema. Kisha wifi akamwambia: "Mimi sikukatazi kumchukua mwanao. Ni damu yako, na marehemu alikuwa damu yako pia. Lakini nikisikia harufu ya pombe inatoka kwako, nitahama kijiji na watoto wangu, na wewe utajua ni kwa nini." Hakusema amesamehe. Hatukumwuliza, na tunawaomba wasomaji wanaomtambua wasimwulize. Kuna watu wetu wanaodhani msamaha ni kitu cha kudaiwa kama mkopo, tena hadharani.

Mama akarudi, akatuita tuandike majibu. Familia iko tayari. Hali ya nyumbani: hapapikwi pombe. Aliweka dole gumba chini ya barua, ingawa anajua kuandika jina lake. Alisema dole gumba ni zito zaidi.

Wodi za namna hii zina watu ambao wamepona kiasi cha kutoka, lakini barua ya ofisa ustawi wa jamii ikiandikwa hairudishwi majibu. Ndugu wamehama, au wameogopa, au wamesema huyo tulikwisha kumzika. Kanisa halikuwa hivyo zamani. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani walifungua mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na miaka michache baadaye, watu walipoanza kuwaleta wagonjwa wa akili waliokuwa wakifungwa kamba vijijini, makao yale yakawa hospitali yao. Ipo hata leo chini ya Kanisa la Kilutheri, na wagonjwa wake wanafanya kazi bustanini na karakanani. Usharika wa kawaida hauwezi kujenga hospitali. Unaweza kujibu barua, kulipa nauli ya sindano, na kuacha kumwagia mtu pombe kwa jina la ukarimu.

Kijana amerudi, na huu ni mwezi wake wa tano. Hatukufanya ibada ya shukrani. Anamsaidia mama kubeba madumu ya mafuta na anachunga mbuzi 4 wa kaka yake. Mara moja alionekana karibu na kilabu jioni. Kaka alimfuata, wakarudi pamoja, na kijana mwenyewe ndiye aliyemweleza muuguzi zahanati kwamba alitamani sana. Tulifurahi zaidi kwa kule kusema kuliko ambavyo tungefurahi kama angetuambia hatamani kitu.

Jumapili iliyopita alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Mjane wa mjomba alikuwa mbele na kwaya. Ibada ilipokwisha yeye alitoka kwa mlango wa pembeni, na kijana akatoka kwa mlango mkubwa, mama yake akimshika mkono. Sindano yake ijayo ni tarehe 14, na zamu ya nauli ni yetu.